Mtunzi na Mfuniko wa Sufuria

Kule Mtongwe, Likoni, ukitaka hina ya kusifiwa utaelekezwa kwa Mwanatabu binti Anwar. Ukitaka wimbo wa kumchoma jirani utaelekezwa kwa Swabra, mwimbaji wa taarabu. Watu hawakujua kwamba safari zote mbili ziliishia kwenye jamvi moja. Swabra anaimba, tena sauti anayo, lakini ukimwachia karatasi na kalamu hatakutungia hata salamu. Nyimbo zote zilikuwa za Mwanatabu.

Hina ndiyo iliyomfanya mtunzi. Mwanamke aliyepakwa mikono yote miwili hawezi kushika simu, hawezi kujikuna, hawezi kuondoka. Kinachobaki ni kusema. Na Mwanatabu, ambaye kwa kawaida hamwachi mtu amalize neno, akiinamia kiganja cha mteja hunyamaza akasikiliza. Baadaye huyachambua aliyoyasikia, akayapa vina na mizani, akamwimbia mumewe Jumaa akirudi kutoka bandarini. Jumaa husema "nzuri" kwa kila wimbo, hata ule uliotungwa juu ya mkoromo wake.

Alichokitaka Mwanatabu ni kitu kimoja tu: atajwe. Swabra alikwisha kuimba kwenye mahoteli ya Nyali, akahojiwa hata redioni. Mtangazaji alimuuliza nyimbo zile anatungiwa na nani, na Swabra akajibu kwa sauti ya unyenyekevu, "Alhamdulillahi, ni kipaji tu." Siku hiyo Mwanatabu alikuwa akimpaka bi harusi, na kwa hasira akampandisha maua hadi juu ya viwiko. Bi harusi alifurahi, akadhani ni mtindo mpya. Mwanatabu alipomuuliza baadaye, Swabra alisema alikuwa karibu kumtaja lakini muda wa kipindi ukaisha.

Basi asubuhi moja Swabra akabisha hodi.

"Shoga, kuna kazi. Mteja yuwaoza mpwa wake, ataka wimbo wa kumpasha jirani yake. Jina hakunambia, kanipa sifa zake tu."

"Zilete," Mwanatabu akasema, akakaa vizuri.

"Huyo mtu yuwacheka hadithi yake kabla hajaimaliza."

Mwanatabu akaangua kicheko kabla Swabra hajafunga mdomo. "Nawajua wa namna hiyo."

"Tena akizungumza nawe yuwakunyooshea kidole."

"Hana adabu huyo," Mwanatabu akasema, na kidole chake chenye hina kikamwelekea Swabra usoni. "Hiyo itie kwenye beti la kwanza."

"Halafu kaazima sufuria kubwa ya pilau. Sufuria kairejesha, mfuniko hadi leo. Na tangu hapo hapiti tena mlangoni kwa mwenyewe. Wakikutana, yeye yuwavuka upande wa pili wa njia."

Hapo Mwanatabu hakucheka. Macho yake yalikwenda uani, kwenye pipa la maji. Juu ya pipa ulilala mfuniko mkubwa wa sufuria, umetulia kama uliozaliwa pale.

"Mteja ni nani?" akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Tima, huyu wa nyumba ya tatu."

Tima alikuwa shoga yake wa kunywa naye chai kila alasiri. Mfuniko alikusudia kuurudisha kesho yake, halafu kesho kutwa, halafu ikawa aibu kuurudisha, na mfuniko wenyewe ukapata ajira kwenye pipa. Kwenda kwa Tima bila mfuniko hakuweza, kwenda nao hakuweza pia. Akaacha kwenda, na chai akawa anainywa peke yake, na haikuwa na ladha.

Kwanza alitunga wimbo laini. Swabra aliusoma akakunja uso. "Huu ni wa kumpasha mtu au wa kumpa pole?"

Maneno yale yalimkera Mwanatabu kuliko kidole na mfuniko pamoja. Akitunga vibaya, anaitukana kazi yake. Akitunga vizuri, anajivua nguo mbele ya Likoni nzima. Alivutana na nafsi yake siku mbili, na nafsi ya mtunzi ikashinda, kwani ilikuwa haijawahi kupata mada inayoijua hivyo. Akaketi akaandika:

Cha mwenzako wachukua, kurejesha huna nia,
Hadithi hujatwambia, kwa kicheko wajifia.

Jumaa akasikiliza mpaka mwisho, akautazama mfuniko, akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza hakusema "nzuri". Alisema, "Wallahi, huu ni wewe."

Siku ya harusi wanawake walijaa chini ya turubai, Mwanatabu kati yao, na kando ya kiti chake furushi kubwa la leso lililofungwa fundo. Kwenye taarabu, mwanamke akiinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, maana yake neno lile ni lake, na akimchezea mtu mbele yake, mtu yule ndiye anayeambiwa. Swabra alipofika kwenye "cha mwenzako wachukua", Tima aliinuka. Alicheza taratibu kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, akaja akasimama mbele ya Mwanatabu, akayumbisha mabega. Turubai zima likageuka. Mwanatabu alihisi uso unawaka, na hapo hapo, Mungu amsamehe, akafurahi kuona jinsi beti lake lilivyochoma.

Akainuka, akafungua leso. Mfuniko ulimeta, kwani alikuwa ameusugua kwa mchanga na majivu. Akauchukua hadi mbele, akaomba kipaza sauti.

"Huu ndio mfuniko," akasema, "na wimbo huu nimeutunga mimi."

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Mfuniko waliusadiki, wimbo, hapana. Mmoja akauliza kwa sauti, nani mwenye akili angejipasha mwenyewe? Swabra aliangalia viatu vyake.

Mwanatabu akangoja kicheko kipungue. Kulikuwa na beti ambalo hakumpa Swabra. Akaliimba, kwa sauti yake ile mbovu, na mpiga kinanda akamfuata:

Mfuniko nauleta, jirani unisikie,
Haya ilinikamata, kwako tena nisingie.

Ufundi ule, mizani ile, na Swabra hakuwa akiyajua maneno. Kicheko kikakatika chenyewe. Tima aliupokea mfuniko kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka, akamvuta Mwanatabu pembeni.

"Mimi nilikuwa nautaka mfuniko?" akasema. "Nilikuwa nakutaka wewe. Chai nainywa na nani?" Halafu akaugeuzageuza mfuniko. "Na hapa pamebonyea. Umeugonga wapi?"

"Haukubonyea kwangu, ulikuja hivyo."

"Haukuja hivyo. Naapa mbele ya watu wazima hawa, haukuja hivyo."

Wakabishana hivyo, wameshikana mikono, na kidole cha Mwanatabu kikiwa juu. Nyuma yao turubai likapasuka kwa vigelegele. Mwanatabu akageuka.

"Swabra kasema nini?"

"Kakutaja jina," Tima akasema. "Kasema mtunzi wa nyimbo zake zote ni Mwanatabu binti Anwar. Haya, niambie, umeugonga wapi?"