Askari wa tochi ataka bastola kubwa

Watu wangu, leo bastola imempiga mwenye kuishika.

Mnamjua Wafula, yule tunayekaa naye chumba kimoja hapa Satwa, huku kwa Waarabu? Kazini analinda maegesho kwa tochi. Kwao Bungoma amewaambia anabeba bunduki.

Leo ofu yetu, hatuendi kazini, akavaa unifomu, tukaenda klabu ya kulenga shabaha nimpige picha za kumtumia mamake.

Mwalimu, Mganda mmoja mpole, akampa bastola ndogo ya risasi nyepesi.

"Anza na hii, kaka. Hairushi mkono."

"Hiyo ni ya watoto! Nipe ile kubwa."

"Umewahi kufyatua?"

"Mimi? Miaka mingapi!"

Muongo huyo.

Mwalimu akachoka kubishana. "Yalla, haya basi, risasi moja tu."

Moja ilitosha. Bastola iliruka ikamgonga kwenye paji la uso, akaketi chini pwaa, damu hadi kwenye kola.

Picha ya hapo ndiyo iliyotoka safi kuliko zote, kwa hivyo ndiyo nimemtumia mamake.

Amejibu sasa hivi: "Yesu wangu, nani amempiga risasi mtoto wangu?"

Jamani, nimwambie nini? Semeni polepole, msinichekeshe, bado nakula.