Baba alinitumia pesa nyingi kutoka Uingereza, nusura mjomba anitie kwenye kodi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni, ingawa sidhani kama humu mmebaki wengi. Ninayoyaeleza yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi na mama tulikuwa tukikaa kijijini Bongwe, kusini mwa Mombasa, kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba akatuambia anauza, tukilitaka tulipe pesa zote kufikia mwisho wa mwezi, la sivyo tuhame.

Baba alikuwa baharia, ameshahamia Uingereza. Nikamwandikia.

Wallahi sikutarajia. Ilikuja hundi ambayo karani wa benki Mombasa aliisoma mara mbili, kisha akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa champali, ndara tu za shambani.

Pesa zilitosha shamba, hakuna cha ziada. Karani akanishauri nipite kwanza ofisi ya kodi, maana ni nyingi.

Hapo ndipo mjomba, kaka yake mama, alipoingia na ujuzi wake. Kwetu pesa isiyo na jasho hutiliwa shaka, watu husema umeiba au umefuga jini. Akatufundisha tuseme ni mauzo ya nazi. Nazi kila mtu anazielewa, alisema.

Basi siku hiyo nikaingia ofisi ya kodi na mama. Nyuma ya meza kakaa Mwafrika mwenzetu, na tai yake! Mimi kiti kile nilikizoea kwa Wazungu. Nilisahau hata salamu.

Akauliza pesa ni za nini. Nikafungua mdomo niseme nazi. Mama akanitangulia.

"Mwanangu, mimi siwezi kusema uongo na swaumu yangu. Mjomba wake katufundisha tuseme nazi. Hii ni hiba, baba yake kampa. Barua hii hapa, na wazee wawili wameshuhudia akipokea."

Nilitamani ardhi inimeze.

Yule bwana akaisoma barua yote, taratibu. Kisha akasema, "Mama, mngesema nazi, hayo yangekuwa mapato na ningewatoza. Zawadi ya mzazi si mapato. Nendeni mkanunue shamba. Mkianza kuuza nazi zake, hapo mje tuonane."

Wakuu, serikali imekataa pesa! Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Nje mama akaketi kwenye ngazi, akaniuliza kama kweli pesa zimebaki zote. Nikamwambia zote. Akalia mpaka askari wa mlangoni akamletea maji ya kunawa uso.

Nilichojifunza: woga wetu ndio ungetukata kodi, si sheria. Mzazi akikutumia pesa nyingi, mwombe aandike kuwa ni zawadi, tunza barua na karatasi za benki, na usibuni biashara usiyokuwa nayo. Sheria hubadilika, kwa hiyo waulizeni wataalamu wa leo.

Baba hakurudi, alizikwa hukohuko. Shamba lake hakuliona hata siku moja. Mama kazikwa humo shambani, nyuma ya nyumba.

Wenye wazazi ughaibuni, ninyi mlipoulizwa pesa zimetoka wapi mlijibu nini? Semeni ukweli, mjomba wangu hayumo humu.