Mchimba Makaburi Aliyekuwa Mbunge

Hapa Marekani mjukuu wangu anasoma chuo Buffalo, mimi ninakaa Louisville, na mwanangu, baba yake, anaishi Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus. Jambo la familia likiwa zito tunakutana kwa mwanangu, maana ni katikati. Safari ile binti huyo alitaka kwenda Slovakia likizo ya kiangazi pamoja na mwalimu wake wa mambo ya kale, kufukua makaburi ya kale. Baba yake hakutaka kabisa. "Babu akikubali, nami nimekubali," alimwambia, akijua kwamba mimi ni mzee wa kanisa na nilifundisha dini miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Alijua nitakataa. Nami nilipanda basi nikiwa na jibu langu tayari.

Sikutegemea kwamba mwalimu mwenyewe angekuja. Alikuwa mzaliwa wa huko Slovakia, mzee kunipita, mrefu, amepinda mgongo kidogo, mkononi ana chupa ya asali. Mke wa mwanangu alipoiona akaninong'oneza, "Baba, huyu amekuja kuposa?" Nikamwambia anyamaze, ingawa kicheko kilinikaba.

Tulikula ugali na dagaa. Binti aliketi kati yetu akitafsiri, na kila mara nilijiuliza kama yale ni maneno ya mwalimu au haja yake mwenyewe.

"Mwulize," nikasema, "kwao hawaogopi kusumbua wafu?"

Mwalimu akaanza mbali. Alikulia chini ya serikali isiyopenda watu wa kusali. Alipokuwa kijana mfanyakazi wa jumba la makumbusho alifukua shambani msingi wa kanisa la kale. Wakubwa wakamtaka aandike kwamba lilikuwa ghala la nafaka. Alikataa, wakampeleka kiwanda cha matofali. Serikali ile ilipoanguka, watu wa kwao wakaukumbuka ukaidi wake, wakamchagua kuwa mbunge.

"Akadumu?" mwanangu akauliza.

"Kipindi kimoja tu, Baba."

Barabara kubwa ilipangwa kupita juu ya makaburi ya kale, naye akasimama bungeni kutaka ipindishwe. Lakini barabara ingeleta kazi, na watu wake walikuwa na njaa ya kazi. Barabara ikapita juu ya upande mmoja wa makaburi, na uchaguzi uliofuata wakamwangusha. Ndipo akaja Marekani kufundisha.

"Niliwatetea watu wasiopiga kura," alisema, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. "Na mifupa mnayoitoa, mnaipeleka wapi?"

Binti alisita. Nilimwona anatafuta neno laini. Mwalimu akamwashiria kwa kichwa aseme kama alivyosema yeye.

"Mingi iko kwenye masanduku, Babu. Yana namba."

Namba! Kambini nasi tulikuwa namba. Tuliitwa kwa namba kupokea unga na mafuta. Nikasogeza sahani. "Basi mwambie nimesikia, na asante kwa asali. Huyu mtoto haendi."

Binti hakulia. Alizungumza na mwalimu kwa Kiingereza, polepole, kisha akanigeukia. "Nimemweleza habari za Bibi."

Bibi yake, mke wangu, tulimzika kambini. Kambi ilifungwa, msalaba wake wa mti ukaliwa na mchwa, na mwanangu aliporudi kulitafuta kaburi alikuta vichaka tupu. Nilimwachia Mungu, ambaye kwake hapotei mtu. Lakini nyumbani tulikuwa hatulitaji kaburi lile.

Mwalimu akasimama, akaomba tutoke nje. Nyuma ya nyumba, kwenye majani, akatuonyesha ukanda uliokoza rangi kuliko majani mengine, umenyooka kama kamba.

"Hapo walifukia bomba la maji," mwanangu akasema. "Mwaka ule tuliohamia."

"Ardhi ikichimbwa mara moja hairudi kama ilivyokuwa," mwalimu akasema. "Pengine hata kaburi la mke wako bado linaonekana, kwa anayejua kutazama. Magoti yangu hayatafika huko. Ya huyu yatafika, akifundishwa." Akaongeza, "Ile barabara ya kwetu inapanuliwa sasa, juu ya makaburi yaliyobaki. Tusipotangulia sisi, litatangulia tingatinga."

Saa ya basi la Buffalo ilikuwa inakaribia. Hakuna aliyeniharakisha, na hilo lilinilemea zaidi. Nilisimama juu ya ule ukanda wa majani nikaomba kimya, hata mwanangu akaanza kuchezea funguo za gari mfukoni.

"Kaburi ni nyumba ya mtu," nikamwambia mjukuu wangu mwishowe. "Haivamiwi. Kabla hujagusa udongo utapiga hodi, kisha utamwombea mwenye nyumba. Na mwalimu wako aniahidi atadai wale wa kwenye masanduku wazikwe tena."

Mwalimu alisikiliza tafsiri hadi mwisho. "Niliwatetea wafu bungeni nikashindwa," akasema. "Nitawatetea tena."

Nikaweka mikono juu ya kichwa cha binti nikambariki. Mwanangu alitazama pembeni, lakini neno lake lilikuwa limeshatoka.

Kiangazi kilipofika, simu ililia Louisville nikiwa ninakunywa chai ya asubuhi.

"Babu, usikate."

Nikasikia upepo, na mashine ikinguruma mahali fulani mbali. Kisha sauti ya mjukuu wangu, ila hakuwa akisema nami.

"Hodi."

Akangoja. Yule mzee akatamka jambo kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya kusali. Nami, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuitikia, nikaisogeza simu mdomoni nikasema, "Karibu."

Ndipo nikasikia mwiko mdogo wa chuma ukianza kukwaruza udongo.