Picha ya Matope Mwezi wa Saba

Walioniibia nawajua. Wa kwanza ni dalali wa Mlowo, yule aliyemuoa mdogo wangu. Wa pili ni mwenye lori aliyekuwa akimtuma. Miaka nenda rudi walikuja Ndalambo wakati wa mavuno na neno moja tu: mpaka umefungwa. Nani abishe? Tunduma, mpakani na Zambia, ni mbali, redio imekufa betri, na mimi niliishia darasa la nne. Tuliuza mahindi kwa lumbesa, gunia limevimba kama mjamzito, kwa bei ya kutupa. Mume wangu alikufa nyumba ikiwa bado ya nyasi, inavujia kitanda alichougulia. Sijasamehe.

Simu za mtandao zilipotufikia, tukawa tunapanda kichuguu nyuma ya kanisa, maana mtandao ulishika hapo tu. Mwaka huo shamba lilinijibu. Nikaapa: mahindi haya ni bati.

Dalali akaja na lori. Safari hii hakusema kwa mdomo. Alitoa simu yake pana, ikapita mkono kwa mkono. Habari ya mtandaoni kabisa: mahindi marufuku kuvuka. Na picha ya malori yamepanga foleni Tunduma.

"Someni wenyewe," alisema. "Msije mkasema shemeji yenu mwongo."

Watu wakaanza kumsogezea magunia. Kwetu kilichoandikwa hakibishiwi. Mimi niliikazia macho picha. Matairi yalikuwa yamezama kwenye matope, na mtu mmoja kashika mwavuli. Na sisi tuko mwezi wa saba, vumbi mpaka puani!

"Shemeji, kwani Tunduma kunanyesha?"

"Wewe naye! Soma maandishi, picha achana nayo."

Nikapanda kichuguu. Nikaandika pale pa kutafutia: mahindi mpaka Tunduma. Kiduara kikazunguka weee, mpaka mkono ukachoka. Ikaja picha ileile, matope yaleyale, na juu yake tarehe ya miaka miwili nyuma. Chini yake habari nyingine, ya wiki hiyohiyo: mahindi yanavuka.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikauliza kwenye kundi letu la kwaya: aliye mpakani atupigie picha barabara. Mwenzetu muuza chapati akaituma muda uleule. Vumbi tupu, na malori ya mahindi yakiingia Zambia.

Nilipiga vigelegele juu ya kichuguu hadi wakadhani siafu wamenipanda. Nikashuka, nikawasomea tarehe kwa sauti, kisha picha mbili zikazunguka, ya matope na ya vumbi. Mama jirani yangu akaenda kulikalia gunia lake.

"Halitoki hili! Anayelitaka aninyanyue na mimi!"

Dalali akasema ametumiwa tu, na yeye kadanganywa. Miaka yote hiyo alidanganywa na nani, mwavuli?

Lori lao likageuza tupu. Nikalikimbilia dirishani.

"Shemeji, wahi basi, mpaka usije ukafungwa!"

Kijiji kizima kilicheka. Tulikodi lori letu, tukapeleka mahindi Tunduma wenyewe, gunia limeshonwa sawasawa bila lumbesa.

Mvua za kwanza zilinikuta chini ya bati. Zilipiga kelele kweli, huwezi kusikilizana na mtu. Nikapapasa kitanda cha marehemu, kichwani, miguuni. Kikavu chote.