Bi Taratibu na Mrija wa Nyongo

Chumba kizima cha upasuaji kilimwita Bi Taratibu, na mwenyewe hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kushika kifaa chembamba cha altrasaundi, kinachopitishwa kwenye tundu dogo la tumbo, na kumwonyesha daktari yasiyoonekana kwa macho. Aliinamisha kichwa upande, akafumba jicho moja, akaibembeleza skrini kwa sauti ya chini: "Haya, mwanangu, jitokeze." Siku hiyo mfuko wa nyongo wa mgonjwa ulikuwa umejaa mawe, umevimba na kugandamana na kila kilichopakana nao. Ili autoe, daktari alipaswa kukata mrija wake mdogo; alikwishaukamata mrija mmoja, mkasi umefunguka.

"Usikate," alisema Bi Taratibu.

"Mama, si ndio wenyewe huu?"

"Huo ni mrija mkuu, daktari. Ukiukata, nyongo yote itammwagikia tumboni."

Daktari aliukodolea macho mstari mweusi wa mrija huo kwenye skrini, jasho likimtoka, kisha akaurudisha mkasi nyuma. Waliutafuta mrija mdogo karibu saa nzima, wakaupata, daktari akaukata. Mgonjwa alipokwisha kutolewa salama, daktari aligeuka kushukuru. Akamkuta mama wa watu kaketi kaegemea ukuta, mikono ikimtetemeka hata glavu zimemshinda kuvua. Daktari alichuchumaa mbele yake, akamvua moja, kisha ya pili.