Barabara Niliyoipigia Magoti

Mtendaji wa kata yangu ni kijana nadhifu, mwenye tai hata wakati wa jua kali. Aliponiletea rasimu ya taarifa ya utekelezaji, ile ninayotakiwa kuwasomea wananchi kabla baraza la madiwani halijavunjwa, alikuwa ameiweka barabara juu kabisa. Ilitangulia madarasa, ikatangulia mabomba ya maji, ikatangulia hata choo cha soko nilichokipigania mpaka sauti ikanikauka.

"Ishushe," nikamwambia.

"Niishushe mpaka wapi, Mheshimiwa?"

"Chini ya choo."

Akacheka, akidhani namtania. Mimi nina sifa ya utani katika ofisi ile, na sifa ya ukali pia, kwa hiyo watu hawajui wacheke au wakimbie. Nilipomkazia macho akaacha kucheka, lakini hakuishusha. Na mimi sikurudia. Alikuwa anasema kweli: hakuna kitu nilichofanya katika udiwani wangu kinachopendwa na watu kama barabara ile.

Kata yangu ni mojawapo ya zile zinazoteremka ziwani. Sitaitaja, wanaoijua wanaijua. Zamani, kutoka barabara kuu mpaka mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha dagaa, kulikuwa na njia ya udongo mwekundu tu. Mvua ikinyesha, njia ile inakuwa sabuni. Wanawake wenye mabeseni ya dagaa kichwani walipanda wakishikana mikono, na mmoja akiteleza wanateleza wote. Wajawazito walibebwa kwenye kiti mpaka juu, bodaboda wanasubiri huko wakivuta sigara. Madiwani wenzangu walikuwa wakiniona nimeingia ukumbini wananiangalia viatu. Yule wa upande wa Bangwe aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama nimekuja kwa miguu au nimekuja kwa kuogelea. Nilicheka pamoja nao, na moyoni nikaapa.

Basi fedha za barabara zilipopatikana, nilijua kwamba nikizembea zitahamishiwa kata nyingine. Mhandisi akapima, vijana wake wakapigilia vigingi na kuchora alama nyekundu kwenye kuta na miti. Fidia haikuwamo katika mradi. Miradi yetu ya ngazi ya mtaa huenda hivyo: mwenye eneo anaombwa ajitolee, naye akikubali anatajwa mkutanoni na kupigiwa makofi. Wengi walikubali bila taabu. Mwenye kiwanja kando ya barabara si sawa na mwenye kiwanja kando ya matope, na kila mmoja alishaanza kuona kibanda chake cha biashara. Aliyekataa alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mama yangu.

Si mama aliyenizaa. Aliyenizaa aliuza mawese pamoja naye sokoni Ujiji, meza moja, miaka yote ninayoikumbuka ya utoto wangu. Aliyenizaa alipougua na kulazwa mbali, mimi nilihamia kwa huyu, na alipofariki nilikuwa nimeshazoea kulala kwake. Ndiye aliyenipaka mafuta ya mise kila asubuhi kabla ya shule, akinisugua magoti mpaka yang'ae, akisema mtoto wa mtu hujulikana kwa magoti. Mafuta yale huyakamua kwenye kokwa za mchikichi, na yananuka. Nilikaa peke yangu darasani mara nyingi kwa sababu ya harufu ile. Siku hizi nikiipata mahali, nasimama.

Michikichi yake ilikuwa kando ya nyumba, pale ardhi inapoanza kuinama kwenda kwenye kijito. Michache tu, ya marehemu mumewe, lakini ilikuwa ikizaa vizuri. Alichemsha mawese yake mwenyewe, akala, akauza, na masalia akatengeneza sabuni. Hakumwomba mtu chumvi. Mtendaji alipomwendea, alimkaribisha vizuri, akampa maji, akamwambia mchikichi haukatwi. Mwenyekiti wa mtaa akaenda, akapewa maji na jibu lilelile. Mhandisi akaja ofisini na ramani yake amekunja uso, akasema kupindisha njia maana yake ni kalavati la pili, na kalavati la pili halimo kwenye bajeti.

Hapo nikasema maneno ambayo bado nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Nikasema, "Niachieni mimi."

Kwetu, mwanamke akimsalimia mkubwa wake hamsalimii akiwa amesimama. Unapiga magoti, unapiga makofi taratibu, unatoa salamu, na mkubwa anakupokea mikono yote miwili na kukuuliza habari za nyumba nzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbuzi. Haina haraka. Wengi wa rika langu siku hizi wanainama kidogo na kusema shikamoo huku simu iko mkononi. Mimi mwenyewe tangu niitwe mheshimiwa nilikuwa nimeanza kuinama hivyo hivyo, hata kwake. Nilikuwa nikifika na gari la halmashauri, nasimama mlangoni, shikamoo Mama, marahaba mwanangu, nimeshageuka.

Siku ile nililiacha gari. Nikavua viatu vya ofisini nikavaa kandambili, nikajifunga kitenge, nikabeba sukari na kipande cha sabuni kama binti anayetoka kwa mumewe kuja kusalimia nyumbani. Nikafika nikapiga magoti kwenye vumbi la mlango wake, nikapiga makofi, nikasema, "Mwakeye, Mama."

Uso wake, jamani. Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokata tamaa nacho. Akanishika mikono, akauliza habari za watoto, za mume, za mguu wangu uliowahi kuteguka. Akanipikia. Nikala ugali na dagaa waliokaangwa kwa mawese ya michikichi ileile, nikalamba vidole. Sikugusa habari ya barabara mpaka aliponinawisha mikono. Ndipo nikashuka tena magotini, wala si kwa bahati mbaya, nikasema, "Mama, nimekuja kukuomba."

Alitazama michikichi yake, halafu akanitazama mimi pale chini. Akasema, "Haya."

Neno hilo tu. Nikamshukuru, nikasimama, nikapangusa magoti, na nilipofika kwenye kona ambako hanioni nikampigia mtendaji simu kumwambia kazi imekwisha. Nilikuwa nacheka kwenye simu. Kumbukumbu hiyo ndiyo nisiyoipenda kuliko zote, lakini ipo.

Katapila lilikuja juma lililofuata. Nilikuwa na kikao, au nilijipangia kikao. Naambiwa alitoa kiti nje akakaa akatazama mpaka mchikichi wa mwisho ulipolala, kisha akawaomba vijana wamkatie mikungu iliyokuwa imeiva. Akaichemsha. Chupa moja akaniletea mimi kwa mkono wa jirani, na salamu juu. Nilipika maharage kwa mawese yale. Ningependa kuandika kwamba yalinikwama kooni. Hayakunikwama. Yalikuwa matamu, na watoto wakaomba tena, nami nikawapakulia.

Kwa hiyo dhamiri yangu haikuamka siku ile. Ilijigeuza usingizini siku ya rasimu, ikaamka mkutanoni.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, turubai limefungwa, spika zinakwaruza. Nilisoma taarifa yangu. Madarasa yakapigiwa makofi, mabomba yakapigiwa makofi, na choo cha soko kikapigiwa makofi na akina mama peke yao, wanaume wakitazama pembeni. Nilipofika kwenye barabara uwanja ukalipuka. Nikasoma sentensi aliyoiandika mtendaji, kwamba wananchi walijitolea maeneo yao kwa hiari. Mshereheshaji, mtu asiyejua kuacha jambo likapita, akasema tunaye hapa mama mmoja aliyejitolea, aje atoe neno.

Akaja polepole. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Akapewa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo kama kitu cha moto, mshereheshaji akakisogeza.

"Mimi nilikuwa nimekataa," akasema. "Walikuja wakubwa nikakataa. Ndipo akaja huyu mwanangu, amevaa kandambili, akapiga magoti pale mlangoni kwangu. Akanisalimia vile nilivyomfundisha. Nikatoa."

Ilikuwa ndiyo hotuba yote. Vigelegele vikapasua masikio. Wazee wa mstari wa mbele walitikisa vichwa kwa furaha, mmoja akasema kwa sauti, "Diwani gani mwingine anapiga magoti siku hizi?" Mtendaji akaniinamia sikioni. "Mheshimiwa, hapo umeshapita bila kupingwa."

Nami nilivimba. Nusu dakika hivi nilivimba kweli. Kisha nikamtazama usoni anaporudi kukaa, nikitafuta kama alikuwa ananisema. Nilimtafutia hata chembe ya kejeli, ili nikasirike, maana mimi nikikasirika napata nafuu. Hakuwa nayo. Alikuwa ameeleza jambo kama lilivyotokea, na lilipotoka mdomoni mwake nililiona lilivyo. Kumbe kila mtu pale uwanjani alikuwa anasifia kitu kile kilekile nilichokuwa naona aibu nacho, nao wanakiita unyenyekevu.

Tangu hapo roho inanisuta, na inanisuta kwa namna ya ajabu, kwa sababu sina pa kushika. Nimetafuta uongo niliomwambia siku ile, nikakosa. Ningeupata, ningekwenda nikaomba radhi kwa uongo huo, yakaisha. Barabara ni nzuri. Mwenyewe anasema ni nzuri. Alipopata homa kali masika yaliyopita, bajaji ilimchukua mlangoni kwake mpaka hospitali, kitu ambacho zamani kingehitaji wanaume wanne na kiti. Dagaa wanapanda kwa guta la mizigo la magurudumu matatu. Ukinipa siku ile tena na mhandisi yule na ramani ile, sijui kama ningeacha barabara. Nadhani ningekwenda tena. Ila ningekwenda na gari, na viatu vyangu, na mtendaji na tai yake, nikasimama mbele yake kama diwani, nikasema serikali inaomba. Na yeye angekuwa huru kunipa maji na kunikatalia.

Mawese sasa ananunua. Yale ya Ilagala, yanayoletwa sokoni, naye anayaonja kwenye kidole kabla hajalipa na kukunja pua. Sabuni ameacha. Nilimpelekea miche ya mchikichi kutoka kitaluni, ile ya kisasa inayozaa mapema, akaipanda mbele ya nyumba pale palipobaki. Akanishukuru sana. Vumbi la barabara limeifunika majani, na kila jioni anaifuta kwa kitambaa.

Majuzi, siku chache baada ya mkutano, nilikwenda kwake. Sikuwa na shida yoyote. Nilijiambia nakwenda kusalimia, basi, na safari hii salamu iwe salamu. Nikaliacha gari juu kwa sababu nilitaka kutembea. Miguuni nilikuwa na kandambili, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Sikufikiri. Nilipokuwa karibu na mlango ndipo nikajiona, nikasita katikati ya barabara yangu mwenyewe, bodaboda ananipigia honi.

Nikawaza nisimame tu nimpe shikamoo. Lakini nikisimama, nitakuwa nampigia magoti siku ya kumwomba pekee. Nikipiga magoti, je? Alikuwa ameshaniona. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, anachambua dagaa kwenye ungo, akaweka ungo chini kunisubiri.

Nikapiga magoti. Nikapiga makofi. "Mwakeye, Mama."

Akanipa mikono yote miwili, kama kawaida, joto lilelile. Nikangoja aulize habari za watoto. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyetembea jua kali unapotaka kujua kama anywe maji au uji.

"Leo unataka nini, mwanangu?"

"Sitaki kitu, Mama. Nimekuja kukusalimia tu."

"Haya," akasema.

Akaingia ndani, akaniletea kigoda. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaiweka mikono mapajani, akanisubiri niseme.