Ubishi wa Mafuta Barazani Mikindani

Nikiwasha gesi siku hizi, hunijia sauti za wanaume wawili wakibishana. Mmoja ni baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta kule Changamwe. Wa pili ni jirani yetu, mtu wa bara, fundi wa mitambo ya umeme Kipevu. Baba tumemzika, jirani amerudi kwao, nami nina hamu nao mpaka inaniuma. Alasiri wakiwa hawana zamu, walikaa barazani kwetu Mikindani, buli la kahawa katikati, wakaurudia ubishi ule ule.

Baba alishikilia kwamba mafuta ni kama maji ya kisima: ukiyateka, hujaa tena. Jirani alisema ni viumbe vidogo vya baharini vilivyokufa zamani za kale vikafukiwa na tope. Tukiyamaliza, basi.

"Yaani stovu yangu yawaka kwa mzoga?" baba aliuliza. "Mke wangu anipikia futari kwa mzoga?"

Wallahi hakuwa akitania. Stovu ya mafuta ya taa ilitolewa nje, na Ramadhani ile mama akarudi kwenye kuni, akikohoa na kunung'unika. Baba akaenda Jomvu Kuu kumuuliza mwalimu wa madrasa. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia mfu wa baharini ni halali, ndiyo maana samaki hachinjwi. Stovu ikarudi jikoni.

Jirani akadhani ameshinda. Kumbe baba alikubali vile viumbe, lakini kuisha alikataa katakata. "Kwani baharini wameacha kufa?" alisema. Watu wakimwita mkaidi. Mimi nasema aliogopa. Kazi ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, na ovaroli yake aliipiga pasi kama kanzu ya Idi.

Kisha kiwanda kikaacha kusafisha mafuta. Duniani yalikuwa bado tele, kazi yake ndiyo iliyokwisha. Baba akawa akishinda barazani tangu asubuhi. Jirani alikuja, akajimiminia kahawa, akasema polepole, "Nimefikiria, mzee. Huenda kweli yanajaa tena."

"Usinionee huruma, bwana," baba akasema. "Nibishie."